Kisanduku Nilichokificha

Jumatatu, 3 Juni. Bunda

NIMEPATA KAZI. Naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ofisini ilibidi nijikaze na kukaa kimya kama mtu mzima. Kiwanda cha kuchambua pamba kimenunua mfumo wa kompyuta wa kupokelea pamba, na aliyepewa kuusimamia msimu huu ni mimi, Dafroza, niliyesomea ugavi kisha nikakaa Bweri miaka miwili nikimsaidia mama kuanika dagaa.

Mfumo wenyewe umekuja na skrini moja ndefu yenye visanduku thelathini na vinne vya kujaza. Uwe mpima wa kijijini, uwe mtunza ghala, uwe meneja, unaoneshwa vyote. Kazi yangu ni kumkatia kila mtu kipande chake. Wala siandiki programu, nisingeweza hata mstari mmoja. Kuna ukurasa wa msimamizi ambako nachagua nafasi ya mtu, naburuta kisanduku kwa kidole, nakipandisha, nakishusha, nakificha. Ni kazi ya fundi cherehani anayepunguza gauni lililokuja likiwa kubwa mno.

Meneja, Hezron, kanipa hadi mwisho wa Agosti. "Wapima wakishindwa kuitumia, tunarudi kwenye madaftari," kasema. Hakumalizia, ila nilielewa kwamba madaftari yakirudi kiwandani, mimi narudi kwenye dagaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimepanga chumba Kabasa. Dirisha moja, jua la kutosha. Nacheka peke yangu.

Alhamisi, 6 Juni. Butiama

Nimeanza na kituo cha huku. Mpima anaitwa Thadeo, macho yake yameanza kuchoka lakini hataki kusema. Alikuwa akikishika kishikwambi mbali na uso kwa urefu wote wa mkono, huku ananiambia anaona vizuri kabisa. Sikubishana. Nikaingia ukurasa wangu, nikakuza herufi, nikaficha visanduku ishirini na vitano asivyovihitaji, nikabakiza jina, uzito, daraja la pamba na vingine vichache, na kitufe kimoja kikubwa cha kijani chini. Dakika kumi na mbili!

Akakirudisha kishikwambi karibu na uso. "Eeh! Sasa hii ndiyo sistimu," akasema. "Ile ya mwanzo nilikuwa naogopaga hata kuigusa."

Njia nzima kurudi Bunda nilikuwa napanga skrini kichwani. Sijawahi kuipenda kazi namna hii.

Jumatatu, 10 Juni. Guta

Leo nimekutana na Mbuke, mpima wa Guta. Mama wa miaka hamsini na kitu, khanga kiunoni, sauti ya kumwamrisha ng'ombe. Huu ni msimu wake wa kumi na tisa kwenye mizani ile. Wakulima hawasemi wanapeleka pamba kituoni, wanasema wanapeleka kwa Mbuke.

Aliniangalia juu hadi chini. "Binti wa wapi?"

"Musoma, mama. Bweri."

"Aah, watu wa visamaki, watu wa furu. Haya, hii kitu yako inataka nini kwangu?"

Nikamwonesha. Anashika haraka kuliko wote, sema anaringa. Kila gunia likifika, kabla hajalipandisha mizani anachomoa pamba kidogo ndani kabisa, anatoa mbegu moja, anaing'ata. Nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anayetafuna kijiti. Nikamuuliza.

"Tunang'ataga. Ikilia, kavu. Ikinyamaza, bado." Akatema. "Hiyo hawakufundishaga chuo?"

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakanicheka. Nikacheka nao, lakini moyoni nikasema, subiri tu mama, nitakuwekea skrini hadi usahau utani wako.

Jumatano, 12 Juni

Jua. Magari mawili kutoka Guta, moja Butiama. Hakuna aliyekosea.

Jumamosi, 22 Juni

Siku kubwa! Mfumo una ripoti inayoonesha kila kisanduku kimejazwa mara ngapi. Nimeifungua na chai mkononi. Kisanduku cha "Maoni", kile cha chini kabisa kwenye skrini ya wapima, hakijaguswa hata mara moja. Siku kumi na mbili, vituo sita, sifuri. Kinachukua nafasi bure na kinamfanya Thadeo ateremshe skrini kwa kidole kila gunia.

Nikakificha. Kwa wapima wote, kwa tiki moja. Kwa mtunza ghala pia, Alfonce, kwa kuwa hakuna tena cha kumwoneshea pale. Yeye nimemwekea orodha safi. Gunia lililopimwa linatokea na alama ya kijani, tayari kupangwa ghalani. Zamani alikuwa anazunguka magunia mkono nyuma, anayaangalia moja moja. Leo nimemkuta kwenye kiti.

"Dada, umenipumzisha miguu," kasema.

Hezron naye kasimama nyuma yangu, kaangalia, katikisa kichwa polepole. Kutoka kwa Hezron hiyo ni sherehe. Nimejinunulia soda na sambusa mbili.

Jumatatu, 24 Juni

Mbuke kapiga simu. "Binti, pale chini pameenda wapi?"

"Nimekurahisishia, mama. Hapakuwa panatumika."

"Haya," akasema, akakata.

Hata asante hakuna. Mama huyu ana kiburi.

Alhamisi, 27 Juni

Jua kali. Vumbi. Kazi inateleza.

Jumapili, 30 Juni. Bweri

Nimekuja nyumbani kusalimia. Bodaboda kutoka stendi kanishusha mlangoni, mama kanipokea kwa kelele kama natoka ng'ambo. Nikamsaidia kugeuza dagaa. Nimekaa ofisini mwezi mmoja tu, eti nimeshajisahau, nikawa natia wa leo kwenye gunia la juzi. Mama kanipiga kofi la mkononi.

"Hawa hawajakauka! Mmoja mbichi anachomaga gunia zima, umeshasahau?"

Nikamwambia mimi sasa ni mtu wa skrini. Kacheka, kanipa wale wabichi nianze upya.

Jumatano, 3 Julai

Mvua! Julai! Watu wa Kabasa wametoka nje kuiangalia. Mvua iliyopotea njia. Hezron kasema itapita.

Alhamisi, 4 Julai

Haijapita. Mbuke kapiga tena. "Binti, pale chini."

Nilikuwa na simu ya Butiama inasubiri. "Mama, kila unachohitaji kipo hapo mbele yako. Jina, uzito, daraja. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Haya."

Jumamosi, 6 Julai

Gari la Guta limefika na magunia yake yana vituko. Mengi yamefungwa kitambaa cha kitenge kwenye sikio la gunia, chekundu, kipande cha kidole. Tuna tangazo ukutani kwamba kitambaa na kamba havitakiwi karibu na pamba, nyuzi zake zikiingia kwenye mashine zinaharibu robota zima la pamba iliyochambuliwa. Nikashuka mwenyewe na wapagazi, tukavifungua vyote, nikavitupa. Nilihesabu thelathini na nane. Kwenye kishikwambi cha Alfonce magunia yote yalikuwa ya kijani, yakaingia ghalani.

Nitamwambia Mbuke tukionana. Kituo si duka la mapambo.

Jumapili, 7 Julai

Jua limerudi. Nimefua.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi Alfonce kaja mbio, na Alfonce hakimbiagi. Kasema ghalani kuna harufu. Tukaingia. Harufu ya maharage yaliyochacha. Kaingiza mkono katikati ya lundo la Guta hadi kwapani, kautoa haraka, anavipuliza vidole vyake. Nami nikaingiza wangu. Moto. Ndani ya pamba, moto kama ndani ya sufuria ya ugali iliyofunikwa!

Tukabeba wote, wapagazi, mlinzi, mimi, hata Hezron na shati lake jeupe. Tukamwaga nje juani. Pamba ya katikati imekuwa ya njano, na imeshikana. Alfonce kasema ingekaa siku tatu tena tungekuwa tunazungumzia moshi, na ghala lote lingekwenda, na pamba ya vituo vyote sita.

Hezron kauliza jambo moja tu. "Nani amepokea pamba mbichi?"

Ijumaa, 12 Julai

Mbuke kaitwa kiwandani. Kaja na khanga safi, kasimama mbele ya meza ya Hezron, hakukaa ingawa kiti kilikuwepo. Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta, nimeambiwa nifungue rekodi za Guta. Hezron akanisogelea, akasoma. Magunia mia moja na kumi ya tarehe tatu hadi tano. Yote kijani. Hakuna neno hata moja kuhusu unyevu.

"Mama Mbuke, ulipokea pamba imelowa?"

"Nilipokea. Mvua iliwakuta njiani. Kuna bibi kaivuta na ng'ombe kutoka mbali, nimrudishe na mvua? Tangu zamani tunapokea, naandika pembeni, huku wanaitoa wanaianika siku moja, imeisha."

"Uliandika wapi?"

Hapo akaniangalia. Si kwa ukali. Aliniangalia tu, kama mtu anayekupa zamu yako ya kusema.

"Mwaka huu hapakuwa na pa kuandika," akasema. "Nikafunga vitambaa."

Hezron akamgeukia Alfonce. Alfonce akasema hakuona kitambaa chochote. Ni kweli, hakuona. Nilikuwa nimevitupa.

Na mimi nikanyamaza. Naliandika hili ili nilisome tena siku nitakapoanza kujisifu. Nilinyamaza. Niliangalia kompyuta nikajifanya natafuta kitu. Nilikuwa nafikiria Agosti, na dagaa, na vile mama alivyowatangazia majirani kwamba mwanawe yuko ofisini.

Hezron akasema Mbuke asimame kazi, na Jumatatu ataamua kama atatafuta mpima mwingine. Misimu kumi na tisa. Mbuke akasema, "Haya," kama anavyonijibu kwenye simu. Nikalitambua lile neno. Haikuwa kiburi. Alikuwa ananiambia amenisikia, na kwamba yeye hajasikika.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeitazama tena ile ripoti ya Juni. Siku kumi na mbili, sifuri. Zote zilikuwa siku za jua! Nani aandike unyevu kukiwa na jua? Nilipima mwavuli kiangazi nikasema hautumiki.

Mimi, binti wa mwanika dagaa.

Jumapili, 14 Julai. Guta

Baada ya kanisa nimechukua bodaboda hadi kwa Mbuke. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Mizani ya kituo inaonekana kutoka pale, kituo kimefungwa, na nje kuna mikokoteni miwili ya watu waliokuja na pamba tangu jana hawajui waende wapi.

Nikasema kila kitu nikiwa bado nimesimama. Kisanduku nilikificha mimi. Vitambaa nilivitupa mimi. Na juzi nilinyamaza mimi.

Akaendelea kupukuchua. "Najua," akasema.

"Kwa nini hukunitaja, mama?"

"Ningekutaja ungesemaje? Ungesema huyu mama hajui kompyuta. Na wangekuamini." Akanisogezea kigoda. "Nilikuwa nataka nione kama utakuja na miguu yako."

Nililia, sioni aibu kuandika. Akaniacha nilie, halafu akanipa gunzi la kupukuchua. "Fanya kazi huku unalia. Mikono haina msiba."

Jumatatu, 15 Julai

Nilifika ofisini kabla ya Hezron. Alipokaa nikamwekea mezani tarehe ya kuficha, simu mbili za Mbuke kutoka orodha ya simu yangu, na kitambaa kimoja chekundu nilichokiokota nyuma ya jaa. Nikaeleza.

Akakizungusha kile kitambaa vidoleni. "Ijumaa ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Ndiyo, bosi."

"Ukamwacha mama wa watu asimame."

"Ndiyo."

"Nikufukuze?"

Nikasema aamue, ila kabla ya chochote Mbuke arudishwe leo, kuna mikokoteni Guta. Kisha, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikaongeza kwamba kosa langu lilifanyika kwa tiki moja na skrini inaweza kurekebishwa ikawa bora kuliko ilivyokuwa, asubuhi moja tu, Mbuke akikaa karibu yangu.

Hezron akachukua simu. Alimpigia Mbuke mwenyewe, na nilimsikia akisema neno ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Alisema, "Samahani, mama." Kisha akanigeukia. "Agosti ni ileile. Nenda Guta. Na ukimaliza, usinioneshe mimi kwanza. Mwoneshe Alfonce."

Niliruka ngazi mbili mbili!

Jumanne, 16 Julai. Guta

Siku bora ya maisha yangu, nasema kweli.

Nilifikiri nitarudisha kile kisanduku cha maoni, kazi imekwisha. Mbuke akakataa. "Kuandika ni kwa daftari. Hapa mkono una pamba, foleni inapiga kelele. Nipe kitu cha kugusa."

"Kigusweje, mama?"

"Kwanza, wewe umeanzia na jina. Mimi sianziagi na jina. Naanziaga na jino."

Basi tukaanza upya, yeye anapima huku anaagiza, mimi naburuta. Juu kabisa kabla ya jina nikaweka swali: Mbegu imelia? Vitufe viwili vikubwa, Imelia na Imenyamaza. Ukigusa Imenyamaza, kinafunguka kisanduku kingine: umande, mvua, au ameimwagia maji mwenyewe ili izidi uzito. Hicho cha tatu Mbuke alikitaka hasa. "Hao nawajua kwa macho," akasema, "ila nataka wajue kwamba hata kishikwambi kinawajua." Foleni nzima ikacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyeanza kuangalia mbali.

Na kwa Alfonce, gunia lililonyamaza haliji tena na kijani. Linakuja na kamstari kekundu pembeni. Nilichagua rangi ya kitenge kilekile, nikailinganisha na kitambaa alichonirudishia Hezron hadi ikafanana. Mbuke akainama akaangalia muda mrefu.

"Hicho hakiwezi kutupwa jaani," akasema.

Hakuna programu iliyoandikwa. Asubuhi moja, vidole viwili na jino moja.

Jumamosi, 20 Julai

Thadeo anataka "ile ya jino" Butiama. Nimempelekea, kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 2 Agosti

Umande mzito tangu juzi, ziwa limejaa ukungu. Gari la Guta limefika, magunia tisa yana nyekundu. Alfonce katoka kwenye kiti bila kuitwa, kaonesha kwa kidole, hilo, hilo, na hilo. Yameanikwa kwenye turubai. Saa tisa alasiri kang'ata mbegu mwenyewe, ikalia hadi mimi niliisikia. Akaigusa skrini, ikawa kijani.

Hezron aliangalia dirishani. Hakutikisa kichwa. Alitabasamu kabisa!

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mama kaja Bunda na dagaa wake kuuza. Wakavu kabisa, kaniambia, nikague.

Jumatatu, 19 Agosti

Kuna skrini moja sikuwahi kuikata: yangu. Ukurasa wa msimamizi unaniruhusu kuficha chochote kwa mtu yeyote, saa yoyote, peke yangu na chai yangu. Leo nimeichagua nafasi yangu mwenyewe kwenye orodha na kujipunguzia. Kuanzia sasa nikitaka kuficha kisanduku cha mpima, ombi linakwenda kwanza kwenye kishikwambi chake na vitufe viwili, Sawa na Hapana. Asipogusa Sawa, kitufe changu cha kuficha kinabaki kijivu na mimi siwezi kitu.

Nilimwonesha Hezron. Kauliza nani kaniagiza. Nikasema hakuna. Kasaini mkataba wangu wa mwaka bila kuketi.

WA MWAKA.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku ya mwisho ya ununuzi. Ripoti yangu inaonesha kisanduku cha "Jirani wa mkulima" huko Guta kimejazwa mara tatu tu msimu mzima. Mara tatu! Kinachukua nafasi bure. Nikatuma ombi la kukificha.

Dakika moja haikuisha. Mbuke: Hapana.

Nikapiga simu. "Mama, kwa nini?"

"Njoo uone," akasema, akakata.

Kitufe changu ni kijivu. Nimeshafunga ofisi, bodaboda anapiga honi nje. Naenda Guta.